Kericho: anza mapema na umsikilize kedi

Uwanja wa gofu wa Kericho una mashimo 9, kwa hiyo ukitaka raundi kamili ya 18 unauzunguka mara mbili. Ushauri wangu: anzeni asubuhi na mapema, maana mvua ya huko hupenda kuja alasiri. Halafu mji uko juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko tulivyozoea sisi wa Mombasa. Pigo langu la kwanza kuelekea grini lilipitiliza, mpira ukazama kwenye michai. Kedi akaniambia taratibu, "Mzee, chukua fimbo ndogo zaidi." Nikamsikiliza, mambo yakanyooka. Jamani, tuwalipe makedi vizuri. Wao ndio wenye uwanja.