Mvinyo wa mapovu Bokoli

Juzi rafiki yetu alipata kazi ya kuandika programu, tukakutana Bokoli kumpongeza. Mmoja akaja na chupa ya mvinyo wa mapovu kutoka Kitale. Kizibo paa! Kuku wakatawanyika.

Ladha? Uchachu kidogo, harufu ya tufaha bichi, mapovu yanachoma ulimi. Nimeipenda. Lakini wenzangu waliiita shampeni, na hapo nina neno. Shampeni ni ile ya Champagne, Ufaransa, basi. Jina linalindwa kisheria. Huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, gesi ya kaboni dioksidi ikakosa pa kutokea. Presha hufika karibu mara 6 ya hewa ya kawaida, kuliko gurudumu la gari!

Busaa yetu ya mahindi na kimea cha wimbi hutoa gesi ile ile, ila chungu kiko wazi, inajiendea. Kwa hiyo anayemcheka mzee mwenye mrija wake hajui kemia. Wafaransa walilinda jina lao, sisi letu tunalinong'ona. Natamani kijana wa Bungoma aifungie kwenye chupa nzito, apime presha, aandike mbele "Busaa ya Bungoma". Programu ya kufuatilia joto nitamwandikia bure.