Hana Mtu wa Kumsindikiza



Kuna neno moja ambalo limekuwa la kawaida katika mashirika yetu, na mimi naliona kuwa ni neno baya lililovikwa nguo ya ibada. Mfanyakazi anavunjika mgongo kazini, au mashine inamkata mkono, au asidi ya kiwanda inampofusha macho. Anaomba malipo ya ulemavu yaliyowekwa na sheria, naye anajibiwa kwamba hastahili. Anarudi nyumbani na karatasi mkononi, na sisi ndugu zake katika imani tunamwambia: «Umwachie Mungu.» Kisha tunasali pamoja naye, tunamwachia kilo mbili za unga, na tunakwenda zetu.

Nasema wazi: hapo hatujamwachia Mungu. Tumemwachia yule aliyemnyima.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Watu wengi, hata wakristu wenye elimu, wanadhani kwamba malipo ya CNSS (wazee wetu bado wanaiita INSS) ni ukarimu wa Leta, kama mchele unaogawanywa siku za uchaguzi. Sivyo. Mfanyakazi aliyeandikishwa hukatwa sehemu 5 kwa mia ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri anapaswa kuongeza sehemu 13 kwa mia. Ndani ya sehemu hiyo ya mwajiri imo inayohusu ajali na magonjwa ya kazini. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayoongoza jambo hilo leo, lakini mzizi wake ni wa zamani, tangu 1961. Kwa hiyo mtu anayedai malipo ya ulemavu wake anadai kitu kilichotoka katika jasho lake. Mkulima aliyeweka mahindi yake ghalani na akaenda kuyachukua wakati wa njaa, nani atamwita ombaomba?

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981, katika barua Laborem Exercens, kwamba walemavu ni watu kamili wenye haki zao za kuzaliwa, na kwamba bima ya ajali za kazini na ya uzee ni haki ya mfanyakazi. Tunaisoma barua hiyo katika semina, tunapiga makofi, tunaifunga. Naye jirani yetu mwenye mguu mmoja anabaki mlangoni mwa kanisa, na kila Dominika tunamtupia franka mia tano kana kwamba tumemaliza deni.

Nimesoma karatasi kadhaa za kukataliwa, kwa sababu watu huniletea niwafasirie Kifaransa chake. Zinafanana. Moja inasema dosie haikukamilika, bila kutaja kinachokosekana. Nyingine inasema ajali haikutangazwa, kana kwamba aliyelala hospitalini na fuvu lililopasuka ndiye aliyepaswa kuitangaza, na si mwajiri wake. Nyingine inasema miezi ya michango haitoshi, wakati karatasi za mshahara zinaonyesha alikatwa kila mwezi. Fedha zilikatwa, ila hazikufika. Na wengine, walio wengi kuliko wote, hawana hata karatasi. Walijibiwa kwa mdomo kwenye dirisha, «rudi wiki ijayo», mpaka wakachoka.

Naomba mtafakari habari ya baba mmoja, mpakiaji wa magunia katika depo, ambaye mzigo ulimwangukia kiunoni. Hati ya daktari ilikuwa na mstari mmoja tu: jina la mvunjiko na tarehe. Ofisi ilijibu kwamba mvunjiko huo huwa unapona na kwamba anaweza kurudi kazini. Na kweli, mfupa uliungana! Lakini baba huyo hawezi kusimama muda wa kusali Rozari nzima, hawezi kuinua ndoo ya maji, na usiku mke wake humgeuza kitandani. Hakuna mtu aliyeandika mambo hayo mahali popote, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Alikuwa na ukweli wote mwilini mwake, lakini katika dosie mlikuwa na mstari mmoja.

Vijana wawili wa parokia yao waliomaliza masomo ya sekondari walikwenda naye tena kwa daktari. Hawakwenda kubishana. Walimwomba aandike yale ambayo mwili hauwezi tena kufanya, kwa muda gani, na kwa nini hautaweza kesho. Daktari aliandika kurasa mbili, maana alikuwa mtu mwema ambaye hakuwahi kuombwa. Kisha wakaandika barua kwa ofisi, nakala mbili, moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani. Sasa kesi iko mbele ya tribinali na hukumu haijatolewa. Sijui itakuwaje, lakini baba huyo ameanza tena kuvaa shati safi na kusema «kesi yangu».

Najua wanaopinga. Wa kwanza husema: mkristu hashtaki. Nawaomba wafungue Biblia badala ya kuinua sauti. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni mwa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao ambao desturi iliwanyima. Musa hakuwaambia wakasali na kunyamaza. Alipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema kwamba wana haki. Na kwa kesi yao sheria ikabadilishwa kwa ajili ya Israeli yote. Huko Filipi, mtume Paulo alikataa kutoka gerezani kwa siri baada ya kupigwa bila hukumu. Alitaka wakubwa waje wenyewe kumtoa. Na mbele ya Festo, alipoona kwamba huko Yerusalemu hatapata haki, alikata rufani kwa Kaisari. Paulo yule yule aliyefundisha uvumilivu! Alijua sheria inampa nini, akakidai kwa kinywa chake.

Na yule mjane wa Luka 18? Tunamhubiri kila mwaka kama mfano wa sala, na ni sawa, Luka mwenyewe anasema hivyo. Lakini tazameni picha aliyoichagua Bwana ili kutufundisha kusali: mwanamke maskini anayerudi na kurudi tena mbele ya hakimu mbaya mpaka hakimu achoke. Kama kudai haki kungekuwa dhambi, Yesu angekosa mfano mwingine?

Wengine hutaja msamaha, na mara wanamtaja Mwenye Heri Isidori Bakanja. Ni kweli, Bakanja aliwasamehe waliompiga, naye akafa mwaka 1909 kwa majeraha yake. Lakini alipoulizwa hakuficha aliyetendewa wala sababu yake. Msamaha hausemi uongo. Ninaweza kumsamehe mwajiri aliyekula michango yangu, na bado nikamwomba hakimu amlazimishe kuirudisha, maana wanangu wanahitaji kula na yeye anahitaji kuacha wizi.

Kuna pia wahubiri wa miujiza wanaomwambia kiwete kwamba akiomba malipo ya ulemavu anakiri ulemavu wake na kufunga mlango wa uponyaji. Hao sitawajibu kwa urefu. Wanachukua sadaka yake ya mwisho kisha wanamkataza kudai mshahara wake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la matabishi. Kijana mmoja aliniambia: «Mwalimu, utapata wapi haki mahali ambapo kila muhuri una bei?» Siwezi kumwambia kwamba anasema uongo. Lakini nani anayelipishwa kwa urahisi? Ni mtu aliyekuja peke yake, asiyejua kusoma barua aliyoandikiwa, asiye na nakala, asiyejua jina la anayemjibu. Akija na watu watatu waliokaa kimya wakiandika tarehe na majina katika kaye, bei hushuka, na mara nyingi inatoweka. Hilo si wazo langu tu. Mama zetu wa sokoni wanalijua, ndiyo maana hawaendi kulipa kodi mmoja mmoja.

Wengine watasema jambo hili linahusu wachache: mchimbaji wa mikono, mama abebaye mkaa, dereva wa pikipiki, hao hawana CNSS wala karatasi ya mshahara. Ni kweli, nao ndio wengi kati yetu, na ni aibu ya nchi. Hata hivyo Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa walemavu wote haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022, namba 22/003, imetolewa kwa ajili yao wote, siyo kwa wenye kazi za ofisini tu. Sheria hizo zimelala kwenye karatasi. Nani ataziamsha kwa mchimbaji, ikiwa hata yule mwenye namba, mwenye michango na mwenye hati tunamwambia anyamaze? Mabinti wa Selofehadi walikuwa watano tu.

Sasa, mnaweza kufanya nini? Mtu akikataliwa, mwombeni ofisi atoe jibu lake kwa maandishi, pamoja na sababu. Jibu la mdomo halikatiwi rufani. Siku ile ile ulizeni muda wa kulalamika unaisha lini, maana kuna watu wengi wenye haki ambao walishindwa na kalenda tu. Kusanyeni karatasi za mshahara, hati za hospitali, majina ya waliokuwepo siku ya ajali kabla hawajahama. Kama ugomvi ni na mwajiri, kwamba hakumwandikisha au hakutangaza ajali, Sheria ya Kazi ya 2002 inataka kwanza mfike kwa inspekta wa kazi ili ajaribu kuwapatanisha. Akishindwa anaandika hati ya kutopatana, na kwa hati hiyo mlango wa tribinali ya kazi unafunguka. Mahali ambapo tribinali hiyo haijasimikwa, mahakama za kawaida ndizo zinazosikiliza. Tribinali ya kazi ina hakimu, na kando yake wasaidizi, mmoja wa upande wa waajiri na mmoja wa upande wa wafanyakazi. Mtu asiogope kana kwamba anakwenda gerezani. Kifungu cha 19 cha Katiba kinamruhusu kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua, na kifungu cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe pamoja na sababu zake, na kinamhakikishia kila mtu haki ya kukata rufani. Chama cha mawakili kina ofisi za ushauri wa bure, na Tume ya Haki na Amani ya dayosisi inajua njia za kuwafikia.

Ninyi mmejifunza Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha za taifa, lakini barua za kukataa hazijui hilo. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini kwa mikono yake anapoteza haki yake kwa sababu ya sentensi moja asiyoielewa, na nyumba ya tatu kutoka kwake anakaa kijana mwenye diploma ya Leta akicheza karata. Kumbukeni yule mtu wa Bethzatha, aliyekuwa mgonjwa miaka thelathini na minane, akilala kando ya maji. Alipoulizwa kama anataka kupona, alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Kila mara mwingine alimtangulia. Maji yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu.

Ninajua vikundi vya Xaveri na vya Kizito-Anuarite vina programu nzuri: nyimbo, usafi wa kanisa, kutembelea wagonjwa. Siombi muache hata kimoja. Ninaomba, mnapomtembelea mgonjwa, mmwulize pia: ulifanya kazi wapi? Uliandikishwa? Ulijibiwa nini? Karatasi iko wapi?

Na kabla hamjakwenda kwa inspekta kumdai mwajiri wa nje, pitieni kwanza kwenye baraza la parokia na mwulize kwa heshima, kama watoto wanavyowauliza wazazi: zamu wetu anayelala nje na mvua, ana namba ya CNSS? Mpishi wa mapadri? Mama anayefagia shule yetu? Fundi aliyeanguka kutoka paa la kanisa tulipolijenga, alitangazwa kwa nani? Mkijibiwa kwamba hao wanamfanyia Mungu kazi, andikeni jibu hilo katika kaye, pamoja na tarehe, na mwombe nafasi katika mkutano unaofuata.