KUMSOMEA MTOTO SI SABABU YA KUMCHELEWESHA HOSPITALI

Ndugu zangu wa Gitega na Muyinga, mtoto akilalamika kichwa tunasema: jini, husda, au anakwepa madrasa. Tunamsomea, tunamnywesha kombe, siku zinapita. Kisomo ni haki, lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia tutafute dawa.

Homa na shingo kukakamaa, degedege, au maumivu baada ya kuanguka: hospitali saa hiyo hiyo! Maumivu yanayomwamsha usiku, kutapika asubuhi, kuyumba, kuona viwili viwili: ombeni daktari bingwa, msicheleweshe.

Tangu Mei 2006 walio chini ya miaka 5 wanatibiwa bure hospitali za serikali. Aliyezidi umri huo, tumchangie kama tunavyochangia harusi. Mtoto ni amana, tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.