Timu ya wilaya si kahawa ya butura

TAHARIRI

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa kijiweni Kariakoo, wewe unayesukuma mkokoteni Kirumba, wewe unayesubiri abiria na bodaboda yako pale stendi ya Bukoba, hebu weka pembeni kidogo ubishi wa Simba na Yanga. Leo tunataka kukurudisha nyumbani, Karagwe na Kyerwa, kwenye kile kiwanja cha shule chenye mteremko ambako ulicheza pekupeku ukaacha kucha ya kidole gumba.

Unakumbuka butura? Kama umezaliwa Kagera huhitaji kuelezwa. Mkulima amebanwa, mtoto anaumwa au bati limeezuliwa na upepo. Anakuja mwenye pesa, anainunua kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika mkulima anachuma, anaanika, anabeba gunia mgongoni, lakini kahawa si yake tena. Butura imepigwa marufuku miaka nenda rudi, na miaka nenda rudi ipo, kwa sababu marufuku haijazi sufuria ya mtu mwenye njaa.

Sasa butura imeingia katika michezo ya shule za sekondari. Safari hii kinachonunuliwa mtini ni mguu wa mtoto wa mlalahoi.

Unajua inavyokwenda. Kijana anasoma shule ya kata. Kidato cha pili anaanza kutisha, akipata mpira hakamatiki. Mwalimu wake, ambaye amemfundisha bila posho wala filimbi, anaanza kuota ubingwa. Kabla ndoto haijaisha, shule binafsi yenye uwezo imeshafika kwa mzazi: karo bure, bweni, chakula mara tatu, njumu mpya. Mzazi gani atakataa? Hatumlaumu mzazi, wala hatumlaumu kijana. Lakini Juni inapofika, shule ya kata inaingia uwanjani na mabaki yake, inafungwa mabao saba na mtoto wake yenyewe, halafu mgeni rasmi anasimama na kusema shule za serikali hazina vipaji!

Huo ni uongo mweupe. Vipaji vipo. Vimeuzwa maua.

Tusieleweke vibaya. Gazeti hili halina ugomvi na shule binafsi, na Mhaya au Mnyambo yeyote anayejua historia ya kwao hawezi kuwa na ugomvi nazo. Miaka ya 1980, serikali ya chama kimoja ilipokuwa na nafasi za sekondari za kuhesabu kwa vidole, Kagera na Kilimanjaro ndiyo mikoa iliyokuwa mbele katika kujenga shule zisizo za serikali. Zilijengwa kwa pesa ya kahawa, kwa sadaka za makanisa na kwa jasho la wazazi. Bweranyange ya wasichana ni ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Karagwe. Ni wangapi kati yenu wangekuwa mabinti na vijana wasiojua kuandika barua ya kuomba kazi, kama wazee wetu wangeisubiri serikali? Kwa hiyo anayesema "wafukuzwe" hana hoja. Ugomvi wetu tunaupeleka kwa mwenye mali, yaani serikali, ambayo ina shule nyingi kuliko mtu yeyote na inazilea kama yatima.

Hebu tuanze na uwanja wenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004. Kuanzia 2006 Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akazisukuma shule za kata kwa kishindo. Ndiyo, ni yule yule aliyegombea urais upande wa upinzani mwaka 2015, na hatuoni haya kulitaja hilo. Wananchi walibeba mawe, wakachoma matofali, wakatoa kuku na mikungu ya ndizi. Watoto wengi wakaingia kidato cha kwanza, na hilo ni jambo jema. Lakini Karagwe ni milima. Darasa lilipata mahali, uwanja ukaambiwa usubiri. Mtu binafsi akiomba kusajili shule anaulizwa uwanja wa michezo uko wapi. Serikali ilijiuliza swali hilo wakati inafungua zake? Mpaka leo zipo shule ambazo mpira ukitoka nje unaufuata bondeni kwenye migomba ya watu, na ukirudi kipindi kimekwisha.

Tukija kwenye pesa. Wakati wa MMES ruzuku ya uendeshaji iliwekwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, hesabu ilikuwa ni hiyo hiyo, na wakuu wa shule wakakatazwa kuwatoza wazazi michango. Sisi tunaunga mkono elimu bila malipo, tuliidai kabla hao wanaojisifia hawajaitamka. Lakini chukua kalamu ugawe mwenyewe: 25,000 kwa siku 365. Haifiki shilingi 70 kwa siku. Humo utoe chaki, mitihani, ukarabati, na usafiri wa mwalimu kwenda Kayanga kufuatilia mishahara. Mpira utanunuliwa kwa senti ipi iliyobaki? Shule binafsi wazazi wanalipa, na ndani ya karo fungu la michezo lipo. Huyu ana basi dogo na mwalimu aliyesomea michezo Malya. Yule ana mwalimu wa hesabu aliyepewa filimbi kwa sababu ni kijana na hajaoa.

Halafu kuna saa. Mtoto wa bweni akimaliza vipindi saa tisa na nusu, saa kumi yuko uwanjani, na jioni anakuta chakula mezani. Mtoto wa shule ya kata akimaliza vipindi anashika njia, mlima mmoja kupanda na mwingine kushuka, na nyumbani dumu la maji linamngoja. Na mwezi Juni, ambao ndio mwezi wa UMISSETA, kwetu ni mwezi wa kuchuma kahawa. Wakati mwenzake yuko kambini anapiga mashuti, yeye yuko juu ya mbuni na kapu shingoni. Wanapokutana uwanjani mnasema ni kumi na moja kwa kumi na moja. Wapi! Huo si mchezo wa sawa kwa sawa hata kama refa angekuwa malaika.

Lakini kidonda kikubwa, ndugu yetu, kiko kwenye uteuzi. Wewe unajua UMISSETA inavyopanda ngazi: shule, kata na kanda, wilaya, mkoa, hatimaye taifa. Zikifika ngazi ya wilaya, shule hazichezi tena kwa majina yao. Inachaguliwa timu moja ya wilaya, kisha ya mkoa. Kwa maneno mengine, mtoto wa shule ya kata iliyotolewa mapema bado ana mlango wa kupita, ikiwa jicho linalochagua ni jicho la haki. Sasa jicho hilo ni la nani? Anachagua nani, mbele ya nani, kwa kipimo gani? Majina yakibandikwa, nani anaruhusiwa kuuliza? Kama kambi inakaa katika shule yenye mabweni, magodoro na jiko, na mwenye kambi ndiye anayesaidia mafuta ya gari, nani kati ya wateuzi atakuwa na ubavu wa kuacha watoto wake nje? Mgeni haruki mwenye nyumba.

Hatusemi kila mteuzi kahongwa. Tunasema utaratibu usiowekwa wazi humfanya hata mtu mwaminifu aonekane mwizi, na humpa mwizi mahali pa kujificha. Na mamluki, wale wachezaji wa kuazima ambao hata darasa lao hawalijui, wanapita katika giza hilo hilo. Giza likiondolewa, mwenye shule binafsi aliye mwaminifu naye anapona masengenyo.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu mpira siku hizi ni ajira. Angalia majirani zetu, ng'ambo ya Mto Kagera. Pale Murongo ukivuka daraja uko Uganda, na huko shule ya binafsi ya St. Mary's Kitende, ya Lawrence Mulindwa aliyewahi kuwa rais wa chama cha soka cha Uganda, imetwaa ubingwa wa shule mara nyingi na kutoa wachezaji wa timu ya taifa. Hapa kwetu, Alliance ya Mwanza ilianzia shuleni ikafika Ligi Kuu mwaka 2018. Wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa shule wa Afrika mjini Durban mwaka 2023. Tunawapongeza, na kwa dhati. Wameonyesha kwamba shule inaweza kuwa lango la maisha. Swali letu ni moja: lango hilo litakuwa na ada mpaka lini? Mtoto wa Nkwenda, wa Mabira, wa Nyakatuntu, asiyeonwa na wakala wa shule yoyote, apite wapi?

Wakubwa watakwambia haya mambo hayana dawa. Danganya toto! Nchi nyingine zimehangaika nayo na kuweka kanuni. Huko Marekani, jimbo la Alabama tangu mwaka 1999 lilizidisha idadi ya wanafunzi wa shule binafsi kwa 1.35, ili shule yenye uwezo wa kuokota wachezaji kila mahali ipangwe na wakubwa wenzake. Illinois nayo mwaka 2005 ikaja na kizidisho cha 1.65. Indiana ikaona bora ipande daraja shule inayoshinda sana, iwe ya umma au ya binafsi. Wengine wamezitenga kabisa. Sisi hatutaki kutenga. Ukimtenga mtoto wa kata na mwenye nguvu, umemtenga na kioo cha kujipimia. Lakini kanuni tunazitaka, na hizi hapa, zisomwe Kayanga na zisomwe Kyerwa.

Kwanza, mwanafunzi aliyehama katikati ya masomo asiichezee shule mpya mpaka mwaka mmoja upite, isipokuwa kama familia yenyewe imehama. Anayemtaka kwa ajili ya elimu atasubiri. Anayemtaka kwa ajili ya mguu tu atajulikana.

Pili, shule inayomchukua mchezaji kutoka shule ya kata iilipe shule hiyo fidia ya malezi kwa vifaa: mipira, jezi, nyavu. Klabu za dunia nzima hulipana fidia ya kulea wachezaji chipukizi. Mwalimu wa kata amekosa nini?

Tatu, kamati ya kuchagua timu ya wilaya iwe nusu kwa nusu, uteuzi ufanyike hadharani, na orodha ibandikwe ikionyesha jina, shule na kidato. Halmashauri ilipie kambi yenyewe, ili asiwepo mfadhili wa kudai shukrani.

Nne, kila bajeti ya halmashauri iwe na mstari wa michezo ya sekondari unaosomeka. Kahawa ya Karagwe na Kyerwa inatozwa ushuru, na anayeichuma ni huyo huyo mtoto asiye na mpira. Mwaka 2012 Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe tuliambiwa huduma zinasogezwa kwa wananchi. Ofisi zimesogea, magari yamesogea. Uwanja je?

Tunajua jibu litakuwa "fedha hakuna". Jibu hilo tumelizoea. Ni chama tawala hicho hicho kinachoshikilia viwanja kama Kirumba cha Mwanza na Sokoine cha Mbeya, vilivyojengwa zama za chama kimoja wakati michango ilikuwa ya wote. Na ni serikali ya chama hicho hicho ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Waziri wa Elimu Joseph Mungai, ilifuta mashindano ya michezo shuleni, yakaja kurudishwa baadaye. Amri ile ilimuumiza nani? Mwenye uwanja wake na kocha wake? Anayefikiri michezo ya mtoto wa maskini ni anasa, haoni tabu kuiacha ifie mikononi mwake.

Na wewe, kijana wa mjini, usimalize kusoma ukafungia vitumbua gazeti hili. Una kazi. Ukirudi nyumbani Desemba, nenda kwenye shule yako ya zamani uulize ina mipira mingapi. Ukikuta hakuna, wewe na wenzako kumi wa kijiwe chenu mnaweza kununua mmoja, msingoje mfadhili. Kisha nenda kwenye mkutano wa kijiji, msimamishe diwani, awe wa chama chao au awe wa chama chetu, umuulize bila kupepesa macho: timu ya wilaya mwaka huu ilichaguliwa na nani, wapi, na shule za kata zilitoa wangapi? Akianza porojo za "mchakato", rudia swali. Akikuita mchochezi, rudia tena.

Mkulima wa Kagera ameibiwa kahawa kwa butura kwa sababu alikuwa peke yake na shida yake usiku. Mwanawe asiibiwe hivyo hivyo, mchana, huku sisi tukipiga makofi jukwaani.