Jina Ulilorithi Lina Njia Yake

Msichana mmoja wa chuo anayeishi mtaa wa Woodley, hapa Nairobi, alinijia juma lililopita na malalamiko. Kila anapojaza fomu huulizwa, "Jina hili ni la kabila gani?" Naye hajui. Babu yake alifariki bila kusimulia. Nyanya humtajia Rabai tu, na siku hizi ameanza kusahau.

Nilimwambia aanze na nyanya, upesi. Karatasi zitamngoja.

Rabai si neno dogo. Mnamo 1875 wamisheni wa CMS walianzisha Frere Town, karibu na kisiwa cha Mombasa, makao ya watumwa waliokombolewa. Wengine wao walikaa Rabai. Chukua jina Mbotela, ambalo hulisikii kila siku. Mbotela wa kwanza alikuwa Myao, kutoka kusini. James Mbotela aliandika kisa hicho katika Uhuru wa Watumwa, 1934. Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU, aliuawa Nairobi mwaka 1952, na mtaa wa Mbotela kule Eastlands una jina lake. Leonard Mambo Mbotela wa "Je, Huu ni Ungwana?" alifariki Februari 2025.

Sasa tazama: William Jones, kasisi wa Rabai, naye alikuwa Myao! Jina hilo la Kizungu alilipata kwa wamisheni huko India. Ukilifuata jina peke yake utafika Wales, na jamaa huwaoni.

Kwa hivyo tafuta mtu pamoja na mahali pake. Daftari la ubatizo kanisani huonyesha wazazi na kijiji. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, katika jengo la zamani la benki. Kutoka Woodley ni safari ya matatu moja. Usilipuuze Gazeti Rasmi la Serikali: humo mna matangazo ya mirathi na ya waliobadili majina. Tena jaribu kila tahajia, L kwa R, maana karani aliandika alivyosikia. (Hata langu limeandikwa namna tatu.)

Jumatano msichana alirudi. Nyanya amelikumbuka jina la mzee wa kwanza wa ukoo kabla hajabatizwa. Alilisikia kwa mama mkwe wake. Haliko katika cheti chochote. Ameliandika nyuma ya daftari la chuo, na shule zikifungwa ataliuliza Rabai.