Sindano ya seli shina kwa mgonjwa wa kiharusi: usiuze shamba bado

Mama mmoja ninayemtembelea anamuuguza mumewe aliyepooza upande wa kulia. Juzi alinionyesha ujumbe kwenye simu: sindano ya seli shina, mgonjwa atatembea. Alishapata mnunuzi wa shamba. Nilimwomba asubiri.

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Watafiti walitarajia zitachukua nafasi ya seli za ubongo zilizokufa. Lakini nyingi hufa mapema. Kinachoelekea kusaidia ni vifuko vidogo mno zinavyovitoa, vinavyobeba ujumbe wa kutuliza uvimbe na kuuchochea ubongo ujirekebishe. Kwa panya vimeleta matumaini. Kwa binadamu utafiti wake bado mchanga.

Na seli zenyewe? Japani ilifanya jaribio kwa wagonjwa 206, wakapewa seli au dawa bandia kati ya saa 18 na 36 baada ya kiharusi. Matokeo yaliyochapishwa 2024 hayakuonyesha tofauti ya maana katika kupona baada ya siku 90.

Madhara nayo yapo. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza habari za mgonjwa wa kiharusi aliyechomwa seli China, Argentina na Meksiko. Uvimbe ulimwota kwenye uti wa mgongo, miguu ikapooza.

Ukiambiwa ni utafiti, uliza nani ameuidhinisha na kwa nini unalipishwa. Utafiti halali kwa kawaida haumtozi mgonjwa.

Shamba halijauzwa. Mama anatafuta nauli ya fiziotherapia na dawa za presha, na hizo hazikosi kazi.