Filamu ikirekodiwa Rungwe, nani anaiandika?

Tukuyu. Ingia kibanda umiza chochote usiku wa mvua, na Tukuyu mvua haina msimu wa kupumzika, utakuta benchi zimejaa. Mpira ukiisha, inawekwa muvi. Watu wanacheka, wanabishana nani kaigiza vizuri na nani kaharibu.

Asubuhi fungua simu utafute habari za filamu. Karibu zote zimeandikwa Dar es Salaam: nani kaachana na nani, nani kanunua gari, nani kamnunia nani. Ule ubishi wa kibandani haupo popote. Waliokaa kwenye zile benchi nao hawapo.

Si kwamba Rungwe haina habari za filamu. Zipo. Ila kazi ya kuziandika imekuwa ngumu kuifanya na ngumu zaidi kuila, na mwaka 2025 imeongezewa mtihani mwingine.

Tulifundishwa kumwandika staa

Tusidanganyane, uandishi wa filamu za Bongo ulikulia kwenye udaku. Magazeti ya Global Publishers kama Ijumaa na Risasi yalifanya majina ya waigizaji yajulikane hadi vijijini. Steven Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, nchi nzima ilisimama, na kila chombo kilijua kwamba staa anauza kuliko kitu kingine chochote.

Faida ilikuwepo: wasanii walijulikana. Hasara ni kwamba tulizoea kumwandika mtu na kuiacha kazi yake. Aprili 2017 wasanii wa filamu walipoandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa, swali la maana lilikuwa la soko: nani ana haki ya kuuza, nani anadurufu, nani anakula jasho la nani. Kulijibu kulihitaji mwandishi anayeijua Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Wengi wetu tulikuwa tunajua namba za simu za mastaa tu.

Leo soko limehama tena. DVD zimekufa. Pesa imehamia kwenye tamthilia za televisheni kama Huba na Juakali za Maisha Magic Bongo, kwenye chaneli ya Sinema Zetu ya Azam, na YouTube. Zamani msambazaji ndiye alikuwa mwenye kauli. Sasa ni kituo cha televisheni. Ukimuuliza mtayarishaji mkataba wake unasemaje, anatabasamu na kubadilisha mada.

Mwandishi naye anaogopa kubana sana, maana kesho atahitaji mahojiano na mtu yuleyule. Hapo ndipo uchawa unapoanzia. Unasifia ili mlango usifungwe.

Rungwe kuna nini cha kuandika?

Kwanza, mandhari. Maporomoko ya Kaporogwe yana pango nyuma ya maji. Kwenye Mto Kiwira kuna Daraja la Mungu na Kijungu. Kuna Ziwa Ngosi ndani ya kreta, na mashamba ya chai yanayofika mbali kuliko jicho. Mtayarishaji yeyote akiziona picha atataka kuja.

Pili, hadithi. Mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Pale Masoko kuna Ziwa Kisiba, ambalo wazee husimulia kwamba Wajerumani walizamisha mali zao humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Iwe kweli iwe hadithi, hiyo ni filamu inayosubiri mtu wa kuiandika.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, kuna maswali ya haki. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, huwezi kurekodi filamu bila kibali. Kwa hiyo kundi likishuka na kamera kijijini, mwandishi ana maswali ya kuanzia. Kibali cha Bodi ya Filamu kipo? Wanakijiji watakaopita nyuma ya muigizaji mkuu wanalipwa kiasi gani, na wamesaini nini? Mwenye shamba ambalo migomba yake imekatwa ili kamera ipite, kafidiwa? Akiteleza mtu kwenye maporomoko, nani anagharamia hospitali?

Maswali hayo hayamhitaji staa. Yanamhitaji mtu aliyepo eneo la tukio, anayeweza kumsalimia bibi kwa Kinyakyusa na kusubiri ajibu kwa wakati wake. Mwandishi aliyekaa Dar hawezi kuyauliza kwa simu.

Kuna na hili la watoto. Bodi ya Filamu ndiyo inayopanga madaraja ya umri. Lakini muvi ikishafika kwenye flashi ya mwenye kibanda, nani anaangalia daraja? Saa mbili usiku kijana wa darasa la tano amekaa benchi ya mbele, ametoa mia mbili yake, na kwenye skrini panga linafanya kazi. Hiyo ni habari ya filamu kabisa. Ina mzazi, ina mwenye biashara anayetafuta riziki, ina afisa utamaduni wa halmashauri, ina sheria. Nani kaiandika?

Habari inaliwaje?

Sasa tuje kwenye tumbo. Mwandishi wa kujitegemea wilayani analipwa kwa habari moja moja, na malipo yanachelewa. Tuzo za Filamu Tanzania zilipofanyika Mbeya Desemba 2021, ilikuwa bahati kwa watu wa huku: safari ya kilomita kama 70 tu. Hata hivyo weka nauli ya kwenda na kurudi, pa kulala kwa sababu tuzo huisha usiku, chakula na bando la kutuma video. Ukimaliza hesabu, habari imekugharimu kuliko inavyokulipa.

Ndiyo maana bahasha ina nguvu. Mwenye shughuli anakuita pembeni, anakupa "nauli", na hakuambii uandike nini. Hana haja ya kukuambia.

Mimi mwenyewe sijawahi kuwa malaika. Mwanzoni niliwahi kupandisha habari ya kifo cha msanii mmoja, niliyoichukua kwenye ukurasa wa mtu, bila kupiga simu hata moja. Nilitaka kuwahi. Dakika arobaini baadaye msanii alijitokeza mzima. Ilikuwa kiki ya watu wake kusukuma kazi mpya. Nilifuta, nikaomba radhi, lakini mama yake alikuwa ameshaisoma. Tangu siku ile, neno "inasemekana" nikiliona kwenye habari yangu mwenyewe naacha kuandika nanyanyua simu.

Bahasha na kiki vinatoka kwenye shimo moja: mwandishi asiye na kipato cha uhakika na mhariri anayehesabu mibofyo.

Kitambulisho kinakuja, mwandishi je?

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilisema mtu asifanye kazi ya uandishi wa habari bila ithibati. Mapema mwaka 2025 Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ilizinduliwa chini ya mwenyekiti Tido Mhando, na vitambulisho vikaanza kutolewa kwa njia ya kidijitali. Kigezo cha elimu ni kuanzia stashahada.

Hoja ya wanaounga mkono ni nzito. Kila mwenye simu na kipaza sauti anajiita mwandishi, na wasanii wamechafuliwa sana na watu wa aina hiyo. Kisa changu mwenyewe ni ushahidi wao.

Lakini ukiitazama kutoka Tukuyu, picha inabadilika. Anayeijua Rungwe mara nyingi ni kijana wa kujitolea redioni, au mpiga picha za harusi anayeandika makala akipata nafasi. Wilaya ina redio yake, Chai FM, na vijana wa namna hiyo ndio wanaopita vijiji ambavyo chombo cha Dar hakifiki. Stashahada ni ada, ni miaka, na mara nyingi ni kuhama nyumbani. Aliyehama akasoma, mara nyingi harudi.

Kwa hiyo tunaweza kufika mahali ambapo waandishi wote wa filamu wana vitambulisho safi, na wote wanaishi Dar. Udaku hautapungua kwa hilo, maana udaku unatengenezwa hukohuko. Kitakachopungua ni maswali ya Kaporogwe, ya Masoko na ya kibandani.

Nini kifanyike?

Si lazima sheria ilegezwe. Vyuo vinaweza kutoa stashahada kwa masafa, kijana asome huku yuko kazini. Vyombo vikubwa vinaweza kulipa habari ya wilayani bei inayofunika nauli, na kulipa kwa wakati. Bodi ya Filamu inaweza kuweka wazi orodha ya vibali kwa kila wilaya, ili mwandishi wa Tukuyu ajue nani anakuja kurekodi kabla gari la kamera halijapita stendi.

Na sisi waandishi tuna la kwetu, halihitaji kibali cha mtu. Safari ijayo ukiona kamera imesimama pembeni ya shamba la chai, usimkimbilie staa kupiga naye selfi. Mtafute kwanza mama aliyekodishwa kupita nyuma yake na kikapu kichwani. Muulize kalipwa shilingi ngapi.